Jumla Hii Ilihesabiwaje? Mipaka ya Takwimu Zinazotoka kwa Mifumo ya Utafutaji

Kila mwaka wakazi hualikwa kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti, mipango ya maendeleo na ada zinazotozwa na kaunti. Katika vikao hivyo husomewa takwimu: maombi ya basari yaliyopokelewa, ushuru uliokusanywa sokoni, malalamishi ya maji kutoka kila wadi. Siku hizi takwimu za aina hii zinaweza kutolewa na kompyuta kwa sekunde chache, zikiwa zimepangwa vizuri kwa jedwali na michoro.

Kasi hiyo ni ya manufaa. Hata hivyo, si kila jumla inayotokea kwenye skrini imehesabiwa kwa njia moja. Nyingine ni hesabu kamili, kichwa kwa kichwa. Nyingine ni makadirio ya karibu, ingawa haziandikwi hivyo. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, hasa kwa programu ambazo kazi yake ya kwanza ni kutafuta na ambazo baadaye ziliongezewa uwezo wa kujumlisha. Mifano ya masoko, wadi na basari iliyotumiwa hapa ni ya kueleza tu; si takwimu za kaunti yoyote.

Programu ya kutafuta na programu ya kuweka hesabu

Kuna aina mbili za programu zinazofaa kutofautishwa.

Ya kwanza ni hifadhidata ya kawaida. Hii huweka rekodi kwa safu na nguzo, kama daftari la karani. Lugha inayotumiwa kuiuliza maswali ni SQL, ambayo ilianza katika kampuni ya IBM nchini Marekani miaka ya 1970. Kwa SQL afisa anaweza kuandika sentensi fupi ya kuomba jumla, wastani au idadi, na kuagiza matokeo yapangwe kwa wadi, kwa mwezi au kwa aina ya malipo.

Ya pili ni mfumo wa utafutaji. Huu hutengenezwa ili kupata neno haraka ndani ya maandishi mengi, kama faharasa iliyo nyuma ya kitabu. Mmoja unaotumika sana duniani ni Elasticsearch, uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2010. Ukiandika "bomba limepasuka", unaweza kukuletea malalamishi yote yenye maneno hayo kutoka miongoni mwa mamilioni ya rekodi.

Mwaka wa 2018 Elasticsearch iliongezewa mlango wa SQL, ili watu waliozoea lugha hiyo waweze kuuliza maswali bila kujifunza lugha mpya. Hapo ndipo mkanganyiko unapoweza kuingia. Swali linaandikwa kwa maneno yaleyale ya SQL, lakini anayejibu ni mfumo wa utafutaji, na una njia zake za kuhesabu na mipaka yake. Mipaka hiyo imeelezwa wazi katika maelekezo ya programu yenyewe. Shida huja pale anayesoma jibu asipoijua.

Mpaka wa kwanza: kuhesabu watu tofauti

Kuhesabu maombi ni rahisi. Kila ombi linaongeza moja. Kuhesabu waombaji ni kazi nyingine, kwa sababu mwanafunzi mmoja anaweza kutuma maombi mawili. Kompyuta lazima ikumbuke nani tayari amehesabiwa.

Rekodi zikiwa nyingi, kukumbuka kila mmoja kunakula nafasi kubwa. Kwa hiyo mfumo wa utafutaji hutumia hesabu ya makadirio inayoitwa HyperLogLog, iliyobuniwa mwaka wa 2007 na kundi la wataalamu wakiongozwa na Philippe Flajolet wa Ufaransa. Badala ya kuweka orodha ya majina, hesabu hii huweka alama chache na kutokana nazo kukadiria idadi. Ukiuliza kwa SQL idadi ya namba tofauti za vitambulisho katika Elasticsearch, jibu hupatikana kwa njia hii.

Kwa idadi ndogo, jibu huwa sahihi au karibu sana. Kiwango cha kawaida cha usahihi huo katika Elasticsearch ni 3,000. Idadi ikizidi hapo, jibu linaweza kuanza kupotoka kidogo. Mafundi wanaweza kukipandisha kiwango hicho hadi 40,000 wanapouliza kwa lugha ya mfumo wenyewe, lakini hakipandi chenyewe.

Kupotoka kidogo kunamaanisha nini? Kwa anayetaka kujua watu wangapi walitembelea tovuti, asilimia 2 si kitu. Kwa basari, asilimia 2 ya wanafunzi 10,000 ni wanafunzi 200, yaani madarasa manne ya wanafunzi 50. Ikiwa fedha zimegawanywa kwa kutumia idadi iliyo chini ya ile halisi, kuna familia zitakazofika afisini na kuambiwa mgao umekwisha.

Dawa yake ni rahisi. Orodha ya kulipa itolewe kwenye rejesta kamili, na idadi ihesabiwe kutoka kwa orodha hiyo. Idadi ya makadirio ibaki kwa kazi ya kupima mwelekeo, kwa mfano kuona kama waombaji wanaongezeka mwaka hadi mwaka.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba idadi za watu tofauti hazijumlishwi. Mfanyabiashara mwenye vibanda katika wadi mbili atahesabiwa mara moja katika kila wadi. Ukijumlisha idadi za wadi zote utampata mara mbili. Kwa hiyo jumla ya wadi inaweza kuzidi idadi ya wafanyabiashara wote wa kaunti, na hakuna aliyedanganya.

Mpaka wa pili: orodha ya walioongoza

Mfumo wa utafutaji hugawa rekodi zake katika vipande, na vipande hivyo vinaweza kukaa kwenye seva mbalimbali. Swali likija, kila kipande hujibu kwa sehemu yake, kisha majibu huunganishwa. Ndiyo sababu ya kasi yake.

Sasa chukua mchoro wa dashibodi unaoonyesha wadi zilizotoa malalamishi mengi zaidi. Ili kuokoa muda, kila kipande huleta tu wadi zilizoongoza kwake, si wadi zote. Tuseme kuna vipande viwili na kila kimoja kinaleta wadi mbili.

Kipande cha kwanza kina malalamishi 50 ya wadi A, 46 ya wadi B na 44 ya wadi C. Kinaleta A na B. Kipande cha pili kina malalamishi 48 ya wadi D, 45 ya wadi E na 43 ya wadi C. Kinaleta D na E. Mchoro utaonyesha kwamba wadi A ndiyo inayoongoza kwa malalamishi 50. Lakini wadi C ina 44 na 43, ambayo ni 87. Wadi yenye shida kubwa kuliko zote haionekani kabisa, kwa sababu katika kila kipande ilikuwa ya tatu.

Katika matumizi halisi mfumo huacha nafasi ya ziada. Ukiomba wadi 10 za juu, kwa kawaida kila kipande huleta 25. Kwa kaunti kama Lamu, yenye wadi 10, hakuna wadi inayoweza kuachwa. Kwa Nairobi, yenye wadi 85, inawezekana. Na orodha ikiwa ya mitaa, vijiji au mita za maji, uwezekano unaongezeka.

Hapa mlango wa SQL una nafuu. Ukiagiza rekodi zipangwe kwa makundi kupitia SQL, Elasticsearch hupitia makundi yote bila kuacha, na idadi ya kila kundi huwa kamili. Kosa la mfano wa juu linahusu zaidi michoro ya dashibodi ya "kumi bora". Hivyo takwimu mbili kutoka mfumo mmoja, siku moja, zinaweza kutofautiana kwa sababu tu swali liliulizwa kwa njia mbili.

Nafuu hiyo nayo ina kikomo chake. Njia ya SQL huweza kupanga matokeo kwa jina la kundi, lakini haiwezi moja kwa moja kuyapanga kwa ukubwa wa jumla. Ili kukupa aliyelipa zaidi kwanza, mfumo hukusanya makundi na kuyapanga baadaye, na kwa usalama huruhusu makundi yasiyozidi 65,535. Kwa wadi na masoko hiyo ni nafasi tele. Kwa orodha ya walipa ada mmoja mmoja, kaunti kubwa inaweza kuivuka.

Mpaka wa tatu: wastani wa nini?

Hapa ndipo mkazi anaweza kuteleza kwa urahisi, na mtoa takwimu pia.

Tuseme kuna masoko matatu. Soko la kwanza lilitoa risiti 1,000 za shilingi 50, jumla shilingi 50,000. La pili lilitoa risiti 100 za shilingi 100, jumla shilingi 10,000. La tatu lilitoa risiti 100 za shilingi 60, jumla shilingi 6,000. Wastani ni upi?

Ukigawanya fedha zote, shilingi 66,000, kwa risiti 1,200, wastani wa risiti ni shilingi 55. Ukichukua wastani wa kila soko, yaani 50, 100 na 60, kisha ukagawanya kwa tatu, unapata shilingi 70. Ukigawanya fedha zote kwa masoko matatu, wastani wa soko ni shilingi 22,000. Zote tatu ni hesabu halali. Zinajibu maswali matatu tofauti.

Hifadhidata ya kawaida huweza kufanya hatua mbili katika swali moja: kwanza jumla ya kila soko, halafu wastani wa jumla hizo. Mlango wa SQL wa Elasticsearch haukubali swali la namna hiyo. Swali la ndani likishakuwa na makundi, hairuhusiwi kujumlisha tena juu yake. Mfumo hukataa na kutoa ujumbe wa kosa.

Kukataa huko si kubaya, kwa sababu angalau kunaonekana. Hatari ni kile kinachofuata. Mtu mwenye haraka anaweza kuomba wastani wa kawaida, apate shilingi 55, na kuandika chini yake "wastani wa soko". Kompyuta haikukosea popote. Maneno yaliyoandikwa chini ya namba ndiyo yaliyokosea. Anayetaka wastani wa masoko anapaswa kupata jumla ya kila soko kwanza, kuiweka kwenye jedwali, kisha kufanya hatua ya pili kando.

Mpaka wa nne: siku inaanza saa ngapi?

Mfumo wa utafutaji huhifadhi muda kwa saa za kimataifa. Kenya iko saa 3 mbele ya saa hizo. Usipouambia mlango wa SQL kutumia saa za Afrika Mashariki, utapanga siku kwa saa za kimataifa.

Matokeo yake ni haya. Malipo yote yaliyofanywa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, kwa saa zetu, yatahesabiwa katika siku iliyotangulia. Katika soko la jumla, ambako malori ya mboga na matunda huingia kabla ya alfajiri, hayo si malipo machache. Lori lililolipa saa nane usiku Jumanne litaonekana kama lililipa Jumatatu.

Mara nyingi jambo hili halibadilishi jumla ya mwezi kwa kiasi kikubwa. Lakini mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Ushuru uliolipwa saa nane usiku wa kuamkia siku hiyo unaweza kuangukia tarehe 30 Juni, yaani mwaka wa fedha uliopita. Mkaguzi atakayelinganisha jumla hiyo na taarifa ya benki atakuta tofauti, na kila upande utakuwa na vitabu vyake mkononi.

Mpaka wa tano: majina na nafasi tupu

Mtu akisoma "Soko Kuu", "SOKO KUU" na "Soko kuu " lenye nafasi mwishoni, anaona soko moja. Mfumo unapopanga makundi huona matatu, kwa sababu huchukua neno kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Soko lililoandikwa kwa namna tatu litagawanyika mara tatu, na huenda likashuka kwenye orodha ingawa ndilo kubwa kuliko yote.

Nafasi tupu nazo zina kanuni yake. Ukiomba idadi ya rekodi, zote huhesabiwa. Ukiomba idadi ya nguzo fulani, kwa mfano umri, rekodi zisizo na umri huachwa. Wastani pia huziacha. Zahanati ikisajili wagonjwa 400 na kuandika umri wa 250 tu, wastani wa umri utakaotolewa ni wa hao 250. Jedwali lisiposema hivyo, msomaji atadhani ni wa wote.

Na kwa wanaotumia ukurasa wa kawaida wa kutafuta bila SQL: tangu toleo la 7, Elasticsearch kwa kawaida huacha kuhesabu kikamilifu matokeo yanapofika 10,000. Ukiona matokeo "10,000" kamili kabisa, elewa kuwa huenda ni elfu kumi au zaidi.

Je, mifumo hii haifai?

Inafaa sana, ikipewa kazi yake. Kutafuta barua ya malalamishi kwa neno moja, kugundua kwamba taarifa za maji machafu zimeongezeka ghafla wiki hii, kuona mwelekeo wa jumla kabla ya kufanya uchunguzi: kwa kazi hizo makadirio ya haraka ni bora kuliko hesabu kamili inayokuja baada ya mwezi.

Isipopaswa kutumiwa peke yake ni pale namba inapogeuka kuwa fedha, haki au adhabu. Mgao wa basari, taarifa ya mapato, orodha ya wanaodaiwa ada, idadi ya dozi za kuagizwa: hizi zinahitaji hesabu kamili kutoka kwa rejesta au hifadhidata ya fedha, na zinahitaji kulinganishwa na risiti na taarifa za benki. Jumla kutoka mfumo wa utafutaji ielekeze macho, halafu vitabu vithibitishe.

Maswali ya kuuliza kwenye kikao

Mkazi hahitaji kujua SQL ili kuuliza vizuri. Maswali haya sita yanatosha:

1. Namba hii ni hesabu kamili au ni makadirio?
2. Imehesabu nini: maombi au waombaji, risiti au wafanyabiashara?
3. Ikiwa ni wastani, ni wastani wa nini, na umegawanywa kwa idadi gani?
4. Orodha ya walioongoza imetokana na makundi yote, au na yale yaliyotokea juu tu?
5. Imeanza na kuishia tarehe na saa gani, kwa saa za Kenya?
6. Rekodi ngapi zilikuwa na nafasi tupu, na zilifanywa nini?

Afisa aliyeandaa takwimu vizuri atafurahi kujibu. Asipokuwa na jibu papo hapo, aombwe aliandike na kulileta pamoja na kumbukumbu za kikao.

Haki yako ya kupata maelezo

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaeleza utaratibu wake. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma au ulemavu anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa ataandika kwa niaba yake. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari inahusu maisha au uhuru wa mtu. Asiyeridhika anaweza kupeleka malalamishi kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huifahamu kama Ombudsman.

Ukiandika ombi kuhusu takwimu, usiombe jumla pekee. Omba pia maelezo ya jinsi ilivyohesabiwa: mfumo uliotumiwa, swali lililoulizwa, na tarehe ambayo data ilitolewa. Majina na namba za vitambulisho vya watu binafsi hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, kwa hiyo tarajia kupewa jumla zisizotaja mtu. Hilo halizuii kukagua hesabu.

Haba na haba hujaza kibaba, na ushuru wa shilingi 50 wa mama mboga ni sehemu ya kibaba hicho. Jumla yake ikisomwa kikaoni, aliyeulipa ana haki ya kuinua mkono na kuuliza ilihesabiwaje.